Ruwenzori ikijitokeza: Bahati ya dakika chache, maandalizi yanayozuiwa na vita

BENI. Mvua ilinyesha usiku kucha na kukatika muda mfupi kabla ya alfajiri. Nilipotoka kwenda kununua mkate, wamotari ambao kwa kawaida hunigombania kandokando ya Boulevard Nyamwisi hawakuniita. Wote walikuwa wamegeuza vichwa upande mmoja, mashariki. Mlima ulikuwa umetoka.

Mkazi wa Beni anajua maana ya kusema hivyo. Ruwenzori iko umbali wa kilomita 45 hivi kutoka mjini, na kilele chake cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, ni cha tatu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Hata hivyo unaweza kukaa hapa miezi miwili usiione. Siku nyingi upande ule kuna ukuta wa mawingu tu, na mgeni akiambiwa kwamba nyuma ya mawingu hayo kuna theluji, hudhani anataniwa. Asubuhi hiyo mlima ulionekana wote, mabega meusi chini, miamba katikati, na juu kabisa mstari mweupe uliokuwa kama umechorwa juu ya mabati ya nyumba.

Nilichomoa simu. Betri ilikuwa na asilimia nne. Jana yake umeme ulikatika mapema na sikupata nguvu ya kwenda hadi kwenye kibanda cha kuchajia. Picha ya kwanza ilipitiwa na waya wa umeme katikati ya kilele. Nilisogea hatua kumi kuukwepa waya, nikanyanyua simu, ikazima mkononi. Ilipofika saa moja na nusu mawingu yalikuwa yamekwisha kupanda kutoka bonde la Semliki na kuufunika mlima. Zilipita wiki nyingi kabla ya kuuona tena.

Jirani yangu, baba mmoja wa makamo, aliponiona narudi nimenuna na mkate mkononi, alinipa pole na kusema sina bahati. Nimelitafakari neno lake mara nyingi. Mlima ulitoka mbele ya macho yangu, kwa hiyo bahati ilikuwepo. Kilichokosekana ni chaji.

Huu ndio ubishi wa kudumu wa wapiga picha wa mandhari popote walipo. Mpiga picha wa harusi ana ratiba mkononi. Mpiga picha wa siasa anaweza kumwomba waziri arudie kupeana mkono. Anayepiga picha za milima, maziwa na misitu hana wa kumwomba. Picha yake nzuri ikionekana, watu humwambia alibahatika. Naye hujitetea kwamba alifika mahali hapo mara thelathini. Wote wawili husema kweli, na hapa kwetu, kati ya Butembo na Beni, ubishi huo una uzito ambao haupo kwingineko, kwa sababu maandalizi yenyewe yamekuwa jambo la hatari.

Mlima ulio upande mgumu wa jua

Kwanza tuelewe kwa nini picha nyingi maarufu za Ruwenzori zimepigwa upande wa Uganda, ilhali nusu ya magharibi ya mlima huu ni yetu na mpaka unapita juu ya vilele vyenyewe.

Kwa mtu aliye Beni, mlima uko mashariki, kusini kidogo. Jua linachomoza nyuma yake. Na alfajiri ndiyo saa ambayo mlima huonekana zaidi, kwa kuwa usiku hewa hupoa na mawingu hushuka mabondeni. Maana yake ni kwamba saa ya mlima kuwa wazi ndiyo saa ambayo theluji yake, kwa upande wetu, iko kivulini. Unachokipata ni umbo jeusi mbele ya anga jekundu. Ni picha nzuri, lakini kila mtu anayo, na haionyeshi barafu.

Mwanga unaoangaza uso wa magharibi huja alasiri, jua likiwa nyuma ya mgongo wako. Lakini kufikia saa hiyo joto la mchana limeshapandisha unyevu wa bonde la Semliki na wa msitu wa Kongo, na vilele vimevaa mawingu. Mpiga picha wa Fort Portal au Kasese anaweza kupata mlima ulio wazi na mwanga mzuri kwa pamoja, asubuhi ileile. Wa Beni anangoja jioni moja adimu ambayo mawingu yatapasuka kabla jua halijazama. Ikitokea, ni ajabu. Mji unaanza kuwa giza, taa za vibanda zinawashwa, na kule juu theluji bado inapokea jua kwa dakika chache, rangi yake ikigeuka kutoka nyeupe kuwa ya chungwa, kisha ya waridi. Nimeiona mara mbili maishani. Mara zote mbili nilikuwa ndani ya gari.

Kwa hiyo tukisema kwamba upande wetu unahitaji bahati zaidi, hatujitetei. Ndivyo mlima ulivyokaa.

Kijana aliyeona chumvi

Historia ya kuonekana kwa mlima huu imejaa bahati. Henry Morton Stanley alifika karibu na Ziwa George mwanzoni mwa mwaka 1876, chini kabisa ya Ruwenzori, na hakuiona theluji. Alirudi katika eneo hili miaka kumi na mmoja baadaye, akafika Ziwa Albert Desemba 1887, na bado hakuiona. Tarehe 24 Mei 1888, akiwa tena karibu na ziwa hilo, kijana mmoja wa msafara wake alimwonyesha kwa kidole mlima wa mbali ambao ulisemekana umefunikwa na chumvi. Stanley alitazama, akaelewa kwamba ile haikuwa chumvi.

Alijitangaza mgunduzi, ingawa wasaidizi wake wawili, Jephson na Parke, walikuwa wameuona mlima huo mwezi uliotangulia. Wakonzo na Wanande, ambao ni ndugu wa lugha moja waliotenganishwa na mpaka, walikuwa na jina la theluji na masimulizi ya Kitasamba, roho anayekaa huko juu, vizazi vingi kabla ya kijana huyo kunyoosha kidole. Jina la kijana huyo halikuandikwa. Kwangu mimi yeye ndiye mpiga picha wa kweli katika kisa hiki, ila hakuwa na kamera. Wengine walikuwa na darubini, vitabu na vyeo. Yeye alikuwa anatazama.

Mwaka uliofuata, Juni 1889, msafara huo ulipita bonde la Semliki, yaani upande wetu, na ofisa mmoja aliyeitwa Stairs akapanda hadi zaidi ya mita 3,200 kabla ya kugeuka. Kilele hakikufikiwa. Picha ambayo dunia ingeikumbuka ilikuwa bado haijapigwa.

Mtu aliyejiandaa miaka 27

Ilipigwa mwaka 1906. Mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, aliongoza msafara uliotoka Naples kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa reli hadi Ziwa Victoria, kwa meli tena hadi Entebbe, na kwa miguu hadi Fort Portal, pamoja na mamia ya wapagazi. Tarehe 18 Juni mwanamfalme alifika Margherita, kilele alichokipa jina la malkia wa Italia. Mpiga picha wa msafara huo alikuwa Vittorio Sella, mtu wa mji wa Biella, aliyekuwa na umri wa miaka 46.

Picha za Sella zinazoonyesha vilele vya Ruwenzori kwa upana, nyingi zikiwa zimeunganishwa kutoka picha kadhaa zilizopangwa ubavu kwa ubavu, bado zinatazamwa kama kipimo cha kazi hii. Aliyeziona bila kujua mengine atasema: huyu alibahatika kupata anga safi mahali ambapo mvua hainyamazi. Ni kweli alibahatika. Lakini hebu tumtazame aliyebahatika.

Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alichapisha mwaka 1856 mojawapo ya vitabu vya kwanza vya Kiitaliano juu ya ufundi wa picha. Ami yake, Quintino Sella, ndiye aliyeanzisha chama cha wapanda milima cha Italia mwaka 1863. Kijana Vittorio alianza kubeba kamera milimani tangu mwishoni mwa miaka ya 1870, akauvuka mlima Matterhorn wakati wa baridi kali mwaka 1882, akapiga picha Kaukazi kwa safari tatu, Alaska mwaka 1897 na Himalaya mwaka 1899. Alipofika Ruwenzori alikuwa ameshajifunza kwenye baridi nyingine jinsi vidole vinavyokufa ganzi kwenye kamera, jinsi ya kukadiria mwanga unaorudishwa na barafu, na jinsi ya kukaa mahali pamoja siku nyingi bila kupiga hata picha moja.

Msafara wake ulichagua Juni, mwezi ambao mvua hupungua kwenye safu hii. Hata hivyo ukungu ulikuwa mwingi. Anga lilipofunguka, lilifunguka kwa muda mfupi, kama linavyofanya hadi leo. Tofauti ni kwamba Sella alikuwa tayari amesimama mahali pake, kamera imefungwa juu ya miguu yake mitatu, na kila kitu kimepimwa. Angekuwa kambini akinywa chai, mawingu yangefunguka vilevile.

Mmarekani Ansel Adams, aliyemheshimu sana Sella na kuandika juu ya kazi yake, ana kisa kinachofanana. Tarehe 1 Novemba 1941 alikuwa akirudi kwa gari jioni huko New Mexico, siku ambayo kazi yake haikwenda vizuri, alipoona mwezi ukipanda juu ya kijiji cha Hernandez huku jua la mwisho likiangaza misalaba ya makaburi. Alisimamisha gari, akateremsha vifaa, na kipimamwanga hakikuonekana. Alichofanya ni kukumbuka kwa kichwa kiwango cha mng'ao wa mwezi, akafanya hesabu papo hapo, na kupiga picha moja. Alipogeuza fremu apige ya pili kwa usalama, jua lilikuwa limeondoka kwenye misalaba. Picha hiyo moja ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi katika historia ya sanaa hii. Kumwona mwezi ilikuwa bahati ya mpita njia. Hesabu aliyoifanya bila kifaa haikuwa bahati.

Hesabu za hapa kwetu

Baada ya aibu ya ile asubuhi ya mkate nilinunua daftari. Kila siku niliyokuwa Beni au Butembo niliandika mambo matatu: kama mlima ulitoka, saa ngapi, na kama usiku uliotangulia ulikuwa na mvua. Si utafiti wa kisayansi, ni daftari la mwandishi wa habari mwenye usingizi. Lakini limenifundisha mambo ambayo sikuyajua licha ya kukulia hapa.

La kwanza lilinishangaza. Nilidhani kiangazi ndicho wakati wa picha, Januari na Februari, kisha Juni na Julai. Mawingu hupungua, ni kweli. Lakini ndio wakati wa moto wa mashamba na wa majani makavu, na hewa ya bonde hujaa moshi na vumbi hadi mlima unakuwa kivuli cha kijivu usichoweza kukitenganisha na anga. Mvua ndiyo inayoiosha hewa. Kwa hiyo siku ya kuamka mapema ni ile inayofuata mvua kubwa iliyoangukia ndani ya kiangazi, au siku za mvua za kwanza, kabla mawingu hayajazoea kukaa. Wakulima wa Mutwanga hawahitaji daftari langu. Wanaijua hali hiyo kwa sababu ya kahawa na kakao wanazoanika.

La pili ni jua. Tuko karibu na ikweta, na jua letu huchomoza karibu wima, halizungukizunguki pembeni kama la Ulaya. Mwanga laini wa asubuhi ambao wapiga picha wa huko huufurahia kwa saa nzima, kwetu hupita haraka. Ukichelewa kwa sababu ya kutafuta sandali, umeukosa. Kwa upande mwingine, jua la ikweta linatabirika. Ukipima kwenye ramani mstari kutoka Beni hadi Margherita, unaona kwamba jua huchomoza nyuma ya kilele hicho mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Februari na mwanzoni mwa Novemba. Kutoka maeneo ya Butembo, ambako mlima uko kaskazini-mashariki zaidi na mbali zaidi, kilomita 70 hivi, jua hulifikia eneo hilo wakati wa Juni tu, linapokuwa limefika mwisho wake wa kaskazini. Ukiwa juu ya vilima vinavyotazama bonde na Ziwa Edward, na hewa ikiwa imeoshwa, hiyo ndiyo wiki yako. Ukiikosa, subiri mwaka.

La tatu ni la vifaa, na hapa niwe mkweli kwa vijana wanaoniuliza simu gani inafaa. Kutoka Beni, vilele vinainuka nyuzi tano tu juu ya upeo wa macho. Macho yetu huukuza mlima kwa sababu tunaupenda. Lenzi ya simu haina mapenzi, inauweka kama mstari mwembamba juu ya paa la jirani, na ukiuvuta kwa vidole unapata ukungu wa rangi. Kinachohitajika ni kamera yenye lenzi ndefu, milimita 200 au zaidi, na kitu cha kuituliza. Studio nyingi za Butembo zina lenzi kama hizo kwa ajili ya harusi na kipaimara. Zinakaa kabatini siku za kazi. Nimeazima moja mara kadhaa kwa makubaliano kwamba nikirudisha na vumbi nitaisafisha mwenyewe.

Na chaji. Siku hizi betri mbili zimejaa kabla sijalala, hata kama ni kwa jenereta ya jirani.

Kusubiri kunapokuwa hatari

Mpaka hapa ningeweza kuwa naandika juu ya mji wowote wenye mlima. Lakini tazama tena orodha ya anayojiandaa nayo mpiga picha wa mandhari: kufika kabla ya jua, kuondoka baada ya giza, kwenda mahali pa juu palipo peke yake, kurudi mahali hapohapo mara nyingi, kukaa kimya muda mrefu akitazama mbali kwa lenzi ndefu. Katika Beni, hayo yote ni matendo ambayo mtu mwenye akili anaepuka.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yameuandama mji na teritwari ya Beni. Mei 2021 serikali iliweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Barabara ya kwenda Kasindi na vijiji vya sekta ya Ruwenzori, ambako ndiko mlima unakuwa karibu na mkubwa, vimeshambuliwa mara nyingi. Mutwanga, mahali ambapo katika miaka tulivu wapandaji waliingia mlimani kupitia Hifadhi ya Virunga, na ambako msafara wa kisayansi wa Ubelgiji wa mwaka 1932 ulioongozwa na Xavier de Grunne ulipita, kwa mkazi wa Beni leo ni safari ya kupima kwanza habari za asubuhi. Alfajiri na magharibi, saa mbili za mwanga mzuri, ndizo saa ambazo mama zetu wanataka kila mtu awe ndani.

Methali ya mvumilivu hula mbivu haikutungwa na mtu aliyesubiri jua lizame juu ya kilima cha pembezoni mwa Beni.

Mara moja nilikuwa narudi kutoka kilimani, miguu mitatu ya kamera imefungwa mgongoni, nikasimamishwa kizuizini. Mtu mwenye bunduki alitaka kujua kile cheusi chenye mirija ni nini. Nilikifungua, nikakisimamisha, nikamweleza kazi yake. Alitaka kuona picha. Nilimwonyesha ile ya asubuhi hiyo: kijivu, mawingu, hakuna mlima. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini mtu aamke saa kumi usiku kupiga picha ya mawingu. Sikuwa na jibu ambalo lingemridhisha. Aliniachia. Tangu hapo nabeba barua ya kazi, nampigia simu kiongozi wa mtaa kabla ya kwenda, na miguu mitatu naiacha nyumbani. Naegemeza kamera juu ya mfuko wa maharage.

Wenzangu wengi wamefanya hesabu nyingine, wameacha. Vijana hodari wa kamera hapa Beni na Butembo hupiga harusi, mikutano, mazishi na wakimbizi. Kazi hizo ni za lazima, na mbili za mwisho ndizo ambazo vyombo vya nje hununua. Picha ya mlima haina mnunuzi, na kumwambia mtu ahatarishe maisha yake kwa ajili ya mwanga wa waridi ni jambo nisilolifanya. Matokeo yake ni kwamba upande huu tumebaki na bahati tupu. Mlima ukitoka, anayeupata ni yule aliyekuwa anapita na simu. Wakati mwingine picha hizo ni nzuri kweli. Lakini hakuna aliyepanga, na hakuna anayeweza kurudi mahali hapohapo mwaka ujao.

Barafu haisubiri

Kurudi mahali hapohapo si anasa ya wasanii. Mwaka Sella alipopiga picha zake, barafu ya Ruwenzori ilikadiriwa kufunika kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 1987 zilibaki kama 2, na mwaka 2003 ilikuwa chini ya kilomita moja ya mraba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba, joto likiendelea kupanda, barafu hiyo ingetoweka ndani ya miongo miwili. Miongo hiyo ndiyo hii tunayoimaliza.

Wanasayansi wamezitumia picha za 1906 kama ushahidi. Wanasimama pale aliposimama Sella, wanapiga upya, wanalinganisha. Hilo linawezekana kwa sababu alijiandaa: alijua alipo, aliandika, alipiga kwa uangalifu na picha zake zikatunzwa Biella hadi leo. Mtu aliyebahatika tu, asiyekumbuka alisimama wapi, hatoi ushahidi wa namna hiyo.

Uso wa magharibi, ule unaotazama Mutwanga na Beni, hauna mfululizo wa picha kama huo uliotunzwa na watu wa hapa. Wazee wa mji huu husema mlima zamani ulikuwa mweupe zaidi. Ninawaamini. Lakini nilipowauliza wachache kama kuna aliye na picha, nilionyeshwa picha za familia: ubatizo, mahafali, baba amesimama na baiskeli mpya. Katika moja tu, ya rangi zilizofifia, nyuma ya bega la bwana harusi palionekana kitu kinachoweza kuwa kilele au wingu. Tuliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, mwenye picha na mimi, na hatukukubaliana.

Nimepata mahali papya. Ni paa la zege la nyumba ya ghorofa ambayo haijamalizwa, ndani ya mji, na mwenye nyumba amekubali nipande kuanzia saa kumi na moja alfajiri siku yoyote, kwa masharti mawili: nibishe hodi kwa mlinzi kwanza, na lenzi isielekee barabarani. Kwenye ukingo wa paa nimechora kwa chaki mahali pa kuweka mfuko wa maharage. Waya wa umeme unapita chini ya vilele, nimehakikisha. Wiki iliyopita nilipanda siku nne, na kwenye daftari siku zote nne zina neno moja, mawingu. Mlinzi ameanza kuniwekea kiti.